Hapana, haijakwama: ule muziki unaojirudia rudia na kwa nini umejaa kila mahali

Mimi naediti video, na kwa hapa Arusha hiyo maana yake nusu ya wateja wangu ni makampuni ya utalii. Na hawa wateja tuna mzozo mmoja hauishi. Unamwekea picha ya droni, Kibo imetokeza juu ya mawingu alfajiri, chini yake unalaza piano, noti nne tano zinazunguka tu, zinazunguka, anasikiliza kama nusu dakika halafu anauliza sasa wimbo wenyewe unaanza saa ngapi. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa, kaka hebu cheki kompyuta yako, imeganda. Lakini ukiutoa ule muziki ukampelekea video kavu anapiga simu fasta, hapana bwana rudisha kale kamuziki, picha imepoa.

Na si wateja tu. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya kwaya huwa inapita klipu ya watu wawili wamesimama jukwaani wanapigiana makofi dakika nne nzima, ukumbi umejaa, watu wamevaa vizuri wametulia tuli, na chini ya klipu ni ubishi: huu ni muziki au mazoezi ya viungo? Hawa wamelipwa kweli? Si hata mtoto wa chekechea anaweza? Halafu lazima atokee mmoja aseme hayo mambo ni ya Afrika wazungu wametuibia, na hapo ubishi unahamia kwingine kabisa. Kwa hiyo ngoja niufumue huu uzi taratibu, maana humo ndani yamechanganywa mambo mengi.

Kwanza tuelewane maneno. Muziki huu wenyewe wanauita minimalizimu, ni tawi la muziki wa klasiki lililoota Marekani miaka ya 1960. Wazo lake ni kutumia vitu vichache sana: noti chache, mapigo yasiyobadilika, na kipande kifupi kinachorudiwa tena na tena huku kikibadilika kidogo kidogo. Hicho kipande tukiite lupu, kama maproduza wetu wanavyosema. Mapigo ni ile tik tik ya chini inayokufanya utikise mguu. Ukishajua lupu na mapigo una vifaa vyote vya kuelewa yaliyobaki, sitakupeleka kwenye nadharia.

Halafu neno klasiki lisikutishe ukadhani ni mambo ya kina Mozart na mawigi. Majina manne yanayotajwa kila mara, La Monte Young, Terry Riley, Steve Reich na Philip Glass, walikuwa vijana wa mtaani tu waliosoma muziki vyuoni halafu wakagoma kuandika vile walimu walivyotaka. Kumbi kubwa hazikuwataka kwa hiyo walipiga kwenye magorofa ya wasanii na majumba ya maonyesho ya picha. Glass aliendesha teksi New York na kufanya kazi ya fundi bomba mpaka ana miaka 41, na hapo tayari opera yake (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) Einstein on the Beach ilishapigwa Metropolitan Opera, jumba kubwa la opera pale New York, mwaka 1976, kesho yake jamaa yuko barabarani anatafuta abiria. Hiyo opera ni karibu saa tano bila mapumziko, mtu anaruhusiwa kutoka na kurudi anavyotaka, na mwanzoni waimbaji wanaimba namba, yaani wanahesabu mapigo yao wenyewe, moja mbili tatu nne, basi, ndiyo maneno ya wimbo.

Tuanze na kitu chepesi kabisa. Mwaka 1964 San Francisco, Riley alitoa kazi inaitwa In C. Noti zake zinaenea ukurasa mmoja, vipande vifupi 53. Wapigaji wote wana karatasi ileile, chombo chochote, idadi yoyote. Unapiga kipande cha kwanza mara nyingi unavyotaka, ukiridhika unaenda cha pili, na hivyo hivyo mpaka cha 53. Hakuna kondakta, yaani yule wa kusimama mbele na kuongoza kwa mikono. Sharti ni kwamba uwe unawasikiliza wenzako, usikimbie mbali ukawaacha wala usibaki nyuma sana. Kuna mmoja tu anagonga noti ileile ya C juu kabisa kwenye piano toka mwanzo mpaka mwisho ili watu wasipotezane, na wazo la kuiweka hiyo noti lilitoka kwa Reich, ambaye siku hiyo alikuwa mpigaji mmojawapo. Kwa mtu aliyekulia kwenye kwaya ya usharika, ambako mwalimu akinyoosha kidole wote mnanyamaza, hii inatisha kidogo. Lakini inafanya kazi, inasikika kama kitu kimoja kikubwa kinachotembea.

Sasa Reich mwenyewe. Alikuwa amemrekodi mhubiri wa mtaani San Francisco akihubiri habari za Nuhu na gharika. Akakata maneno machache, mvua itanyesha, akatengeneza lupu mbili zinazofanana kabisa kwenye mashine mbili za tepu, akaziwasha pamoja. Alitaka zilingane. Hazikulingana, maana mashine mbili hata ziwe za aina moja haziendi kasi sawasawa kabisa. Umewahi kukaa kwenye baraza ambako mafundi cherehani wawili wako jirani, wote wanakanyaga mashine za miguu? Kuna muda zinagonga pamoja kama mashine moja, halafu moja inachomoka kidogo unasikia kama mwangwi, halafu zinaanza kujibizana, halafu inakuwa vurugu tupu, halafu bila mtu kupanga chochote zinakutana tena. Ndicho Reich alichokisikia, na badala ya kurekebisha akaona hiki ndicho kitu chenyewe. Kazi hiyo ya mwaka 1965 inaitwa It's Gonna Rain. Mwaka 1967 akawapa watu kazi ya mashine: Piano Phase, piano mbili, lupu ya noti 12, mmoja anashikilia kasi yake na mwenzake anaongeza kasi kidogo sana mpaka anakuwa noti moja mbele, anatulia, halafu tena. Wanaosema hii rahisi wajaribu. Mwili wa binadamu ukisikia mapigo ya jirani unataka kuungana nayo, ndiyo maana tunacheza ngoma pamoja, sasa huyu mtu anatakiwa ayakatae mapigo ya jirani kwa makusudi na kwa kipimo, na bado asiharibu noti. Ukiniuliza kati ya hiyo na kupiga haraka haraka kwa mbwembwe ipi ngumu, nitasema hiyo.

Lakini swali kubwa halijajibiwa, kwa nini mtu akae asikilize kitu kilekile?

Nenda stendi asubuhi usimame karibu na konda wa Hiace anayeita Ngaramtoni. Mara ya kwanza unasikia taarifa, gari hii inaenda Ngaramtoni. Mara ya tano taarifa umeshaipata, haina kazi tena, na hapo ndipo unaanza kusikia vitu vingine: kwamba sauti inapanda kwenye "ra" na kushuka kwenye "toni", kwamba kuna kapumziko kadogo kabla hajaanza tena, kwamba ana mdundo. Ukikaa zaidi anaimba. Yeye hajabadilisha kitu, sikio lako ndilo lililobadilika. Mtafiti wa muziki Diana Deutsch aliligundua hilo mwaka 1995 akiwa anashughulikia rekodi ya sauti yake mwenyewe, kipande cha sentensi kikabaki kinajirudia na ghafla kikasikika kama kinaimbwa, na ukirudi kusikiliza sentensi nzima, mahali pale pale bado panaimba. Ameshawapigia watu wengi tangu hapo, inawatokea.

Hiyo ndiyo siri ya huu muziki, na naona watu wengi wanaieleza vibaya. Wanasema ni muziki ambao hakuna kinachotokea. Yanatokea mengi ila ni madogo, na kurudiarudia ndiyo namna ya kukuondolea yale makubwa ili uyasikie madogo. Melodi ikishakuwa haina jipya la kukuambia unaanza kusikia mlio wa chombo, vyumba vya hewa kati ya noti, noti fulani ya chini ambayo kumbe ilikuwepo muda wote. Mtafiti wa saikolojia ya muziki Elizabeth Margulis alifanya jaribio moja zuri, alichukua muziki mgumu wa watunzi wa kisasa kama Luciano Berio na Elliott Carter, muziki usiojirudia kabisa, akautia marudio kwa kompyuta bila ustadi wowote, kata bandika tu. Wasikilizaji wakapenda zaidi yale yaliyobandikwa, na wakaona yana dalili zaidi ya kutungwa na binadamu kuliko yale ya asili.

Turudi kwenye makofi maana hiyo unaweza kuijaribu sasa hivi na mtu aliye karibu. Inaitwa Clapping Music, Reich, 1972, alitaka kitu kisichohitaji chombo chochote zaidi ya mwili. Hesabu nafasi 12, pigeni hivi:

pa pa pa – pa pa – pa – pa pa –

Makofi nane, kimya nne. Mnaanza wote pamoja na mnarudia mpaka mzoee. Halafu mmoja anabaki hapo hapo, hahami mpaka mwisho, mwenzake anaruka nafasi moja mbele, yaani anaanza kwenye kofi la pili. Sikiliza kinachotokea: zile kimya nne zote zinazibwa. Popote wewe unaponyamaza mwenzako anapiga, na ghafla badala ya makofi yenye mapengo una mvua. Akiruka nafasi nyingine linarudi pengo moja tu, inakuwa mdundo ambao hamkuutunga nyie. Akisharuka mara 12 mmekutana tena mlipoanzia, kazi imeisha. Hakuna kofi jipya lililoongezwa, ni mpangilio uleule unajitazama kwenye kioo. Na hilo la 12 si bahati. Kumi na mbili inagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita, kwa hiyo mguu wako unaweza kuhesabu tatu tatu na jirani yako nne nne na wote mko sahihi. Mtu yeyote aliyecheza ngoma za huku anaijua hiyo miguuni hata kama hajawahi kuihesabu.

Ndiyo tunafika kwenye ile ya wametuibia.

Reich alisoma kitabu cha A. M. Jones kuhusu ngoma za Waewe, watu wa Ghana na Togo, kilichotoka 1959, na mwaka 1970 akaenda Ghana, chuo kikuu pale Legon, akajifunza ngoma kwa mwalimu wa Kiewe, Gideon Alorwoyie. Malaria ikamkamata akarudi baada ya wiki chache, na mwaka uliofuata akatoa Drumming, kazi ndefu ya zaidi ya saa nzima ya ngoma ndogo, marimba na glokenspili, yaani vipande vya chuma vinavyogongwa kama marimba. Kwa hiyo ndiyo, kuna Afrika mle. Lakini ule mchezo wa lupu kupishana aliupata kwenye mashine za tepu miaka mitano kabla hajakanyaga Accra, na mwenyewe amekuwa akisema safari ile ilimthibitishia njia aliyokuwa ameshaianza. Alichochukua ni namna ya kujenga, tabaka juu ya tabaka, kila mmoja anaanza mahali pake. Alichoacha ni vingine vyote: ngoma ya Kiewe ina wachezaji, ina nyimbo, ina mpigaji mkuu anayeongea na watu kwa ngoma, ina sababu ya kupigwa siku hiyo. Na upande wa India ni hivyo hivyo, Glass alikutana na mpiga sitari Ravi Shankar Paris katikati ya miaka ya 60 akapata kule wazo la kuongeza noti moja moja, Riley na Young wakawa wanafunzi wa mwimbaji Pandit Pran Nath. Mimi sioni wizi hapo, naona wanafunzi waliowataja walimu wao, ila kinachonikera ni kwamba Reich alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani, mwaka 2009 na ukiwauliza mashabiki wake Alorwoyie ni nani wengi watakutolea macho.

Jambo la kuchekesha ni nani aliukasirikia huu muziki. Januari 1973 walipiga kazi ya Reich, Four Organs, pale Carnegie Hall, New York, akodi moja tu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inarefushwa kwa organi nne na mtu anatikisa kayamba za mkono bila kupumzika. Watu walizomea, wakapiga kelele, wengine wakapiga makofi katikati ili iishe, mpaka wapigaji wakawa wanahesabiana kwa kupaza sauti maana hawasikilizani. Sasa fikiria harusi ya Jumamosi Moshi, matarumbeta yako nyuma ya pikapu kutoka kanisani mpaka ukumbini, kipande kilekile cha mistari minne kinarudiwa dakika arobaini, tarumbeta moja tu inachomekea kitu kidogo hapa na pale, na hakuna mtu hata mmoja anayeuliza wimbo unaanza lini. Au moran wa Kimasai wakiwa kwenye mduara, wale wa nyuma wanashikilia mngurumo uleule kifuani na olaranyani, yule anayeongoza wimbo, anarusha mstari wake juu. Sisi sikio hilo tunalo. Kinachotuchanganya ni viti, ukumbi, ukimya, kuambiwa ukae usikilize kitu ambacho kwetu ungekuwa umeshasimama.

Sasa imefikaje kwenye video za safari? Njia ni ya moja kwa moja kuliko unavyodhani. Mwaka 1982 ilitoka filamu ya Godfrey Reggio inaitwa Koyaanisqatsi, haina mwigizaji, haina msimulizi, ni picha tu za mawingu yanayokimbia, magari usiku yakiwa mistari ya taa, watu wanamiminika kwenye ngazi, na muziki wa Glass unazunguka juu yake. Kila video ya mawingu yanayokimbia juu ya Mlima Meru na piano chini, awe aliyetengeneza anajua au hajui, inatembea kwenye njia hiyo. Halafu kuna sababu za fundi ambazo hakuna anayezisema. Muziki wa namna hii unakatika popote. Mteja akisema punguza sekunde kumi na mbili unapunguza na hakuna anayesikia kovu, jaribu hivyo kwenye wimbo wenye ubeti na kiitikio uone. Sauti ya msimulizi inakaa juu yake bila kugombana. Na haukuamuru uhisi nini, ukiona twiga unaona twiga, si muziki unaokulazimisha kulia. Ndiyo maana matangazo, dokumentari, hata video za shule binafsi, wote wamekimbilia huko.

Kwenye muziki wa kawaida pia umeingia. Bendi ya roki ya Uingereza, The Who, walipotoa Baba O'Riley mwaka 1971 hilo jina la Riley ni la huyu huyu Terry. The Orb mwaka 1990 walichukua gitaa kutoka Electric Counterpoint ya Reich wakaitia kwenye Little Fluffy Clouds, muziki wa disko. Singeli yetu sitasema imetoka kwao, haijatoka kwao, imetoka uswahilini Dar, lakini produza anayechukua kipande cha kinanda cha sekunde mbili akakirudisha kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika anacheza na sikio lilelile.

Mwisho wa mambo yanayochanganywa ni kwamba huu ni muziki wa kulalia. Upo wa kulalia kweli, Max Richter alitoa Sleep mwaka 2015, saa nane, makusudi kabisa uilalie. Na ipo piano nyepesi nyingi mno mtandaoni, ambayo kwa maoni yangu ni maji ya kuoshea chungu cha Glass, lupu imekaa vilevile dakika tatu na hakuna kilichosogea. Lakini sikiliza Different Trains ya Reich, 1988. Utotoni alikuwa anapanda treni New York mpaka Los Angeles na kurudi, wazazi wametengana, ni miaka ya vita, na baadaye akawaza kwamba yeye ni Myahudi, angezaliwa Ulaya treni zake zingekuwa nyingine, zile za kwenda kambi za mauaji. Amechukua sauti za yaya wake, mhudumu mzee wa treni, na manusura wa Wanazi, maneno mawili matatu yanarudi, na vyombo vya nyuzi vinaiga kupanda na kushuka kwa sauti zao. Huwezi kulala hapo.

Anayetaka kuanza, mimi ningempa Music for 18 Musicians, 1976. Karibu saa nzima, akodi 11 zinapita mwanzoni halafu kila moja inapewa sehemu yake, hakuna kondakta, mpigaji wa vibrafoni (kama marimba ya chuma) anatoa ishara na wote wanahama. Klarineti za besi na sauti za wanawake zinashikilia noti kwa urefu wa pumzi moja tu, wakiishiwa wanaacha, kwa hiyo chini ya mashine yote hiyo unasikia watu wanapumua. Weka hedifoni, spika ya simu inakula zile besi zote. Halafu mtafute Julius Eastman, Mmarekani mweusi, hutamwona kwenye ile orodha ya wanne ingawa alikuwepo miaka ileile. Alifukuzwa nyumba, karatasi nyingi za muziki wake zikapotea, akafa 1990 karibu hakuna aliyejua. Femenine yake ya mwaka 1974 ina njuga zinazotikiswa na mashine kuanzia mwanzo mpaka mwisho na vibrafoni yenye kipande kimoja kifupi ambacho hakiishi, na vyombo vingine vinaingia kukivuruga na kukipenda. Inazidi saa nzima kidogo. Ukiiwasha Coaster ikitoka stendi ya Arusha, kama hakuna foleni Usa River, itaishia karibu na Boma Ng'ombe.